Hawakumpa Akiru Kalamu

Mbwa wa binti yangu aliuawa bure, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia samahani.

Alikuwa mbwa mwekundu, mkondefu, aliyelala mlangoni kwa Akiru kule Kakuma. Baba mdogo wa mkwe wangu alimpiga rungu asubuhi moja Akiru akiwa kazini. Sababu ilikuwa tumbo la Akiru. Lilikuwa limevimba chini ya kitovu, gumu kama ngumi, na huku kwetu Turkana tumbo likivimba watu hawatafuti mbali. Ni mbwa. Kila familia inamjua mtu aliyepasuliwa akatolewa mifuko ya maji tumboni, ule ugonjwa unaotoka kwenye kinyesi cha mbwa. Tumefundishwa hivyo tangu mimi msichana. Ugonjwa huo upo, sikatai. Ulimuua dada ya mama yangu. Lakini kwa kuwa huo upo, watu wameacha kuuliza kama kuna mwingine.

Zahanati moja, ambayo sitaitaja, ilimpa Akiru vidonge vya ugonjwa huo kwa mwaka mzima na zaidi bila mtu yeyote kumpima kwa mashine. Alivimeza. Vilimtapisha, nywele zikamtoka kichwani upande mmoja. Tumbo halikupungua. Ndipo wakaona mwenye kosa ni mbwa.

Nataka kueleza Akiru ni mtu wa namna gani, kwa sababu mwaka ule wa 2012 watu walimzungumzia kana kwamba yeye ni tumbo tu.

Nilimzaa kule Kalemng'orok mvua ikinyesha, na jina lake ndilo hilo, mvua. Mimi shule niliishia darasa la sita, nikataka yeye avuke hapo. Aliishia la saba. Aliondoka mwenyewe, akasema mwalimu anafundisha kama mtu anayefukuza nzi. Nilimchapa kwa maneno hayo, halafu nikaenda jikoni kucheka. Ulimi wake ndio huo. Baba yake alipokufa tulihamia Lodwar, hapa Nawoitorong, nikawa nasuka vikapu vya ukindu wa mkoma na kuviuza kwa wageni. Akiru hakuweza kukaa chini asuke. Alisema kapu linakwenda polepole mno, mtu anazeeka kabla ya kufika mdomoni.

Aliolewa na Ekuru, mlinzi wa ghala kule Kakuma. Wakapata binti mmoja. Mimba mbili zilizofuata zilitoka. Kwa desturi yetu mwanamume huleta mahari kidogo kidogo, lakini ndoa haijawa ndoa mpaka fahali achomwe mkuki kwenye boma la wazazi wa mke. Hapo ndipo mwanamke anakuwa wa ukoo wa mume. Fahali wa Akiru hakuwa amechomwa. Mwaka huu ukame, mwaka ule wezi wa mifugo, mwaka mwingine fahali mwenyewe amekonda. Nilikuwa nikiona aibu majirani wakiniuliza.

Akiru alifungua kibanda cha chai na mandazi ng'ambo ya barabara, karibu na kambi ya wakimbizi. Wateja wake walikuwa Waturkana, Wasomali, Wasudani, Wakongomani, naye aliokota lugha zao zote kwa kuwatania. Kulikuwa na kijana mmoja wa Sudan Kusini, Makuei, mrefu kama nguzo ya simu.

"Dada, hii chai yako ni maji," alikuwa akimwambia.

"Majani niliyapima kwa mtu wa kawaida," Akiru humjibu. "Kwako yamepotelea njiani."

Siku nilipomtembelea mwanzo wa mwaka ule, nilimwona ameketi juu ya debe la maji lililopinduliwa, amevaa kitambaa cheusi juu ya kingine cheusi, na anawaambia wateja wajiwekee sukari wenyewe. "Leo mnajihudumia, kama hoteli za Nairobi," alisema, nao wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kuangalia. Niliona hakuinuka mpaka mteja wa mwisho alipoondoka, na alipoinuka, alilificha lile debe kwa leso aliyokuwa ameikunja kitini. Damu yake ya mwezi ilikuwa inatoka siku kumi, mabonge makubwa, na maumivu ya kumkunja. Nilipomwuliza tangu lini, alisema, "Tangu walipokuwa wakinitibu minyoo ya mbwa, Mama. Sikutaka kuwachanganya."

Mwezi wa saba alianguka mbele ya jiko. Aliyemwokota ni jirani yake wa kibanda, Clotilde, Mkongomani aliyekuwa mkunga kwao kabla vita havijamtoa, na sasa anauza vitenge. Clotilde ndiye aliyepiga kelele mpaka gari la wagonjwa likapatikana. Akiru akaletwa Lodwar mweupe viganjani kama unga.

Alitiwa damu. Kesho yake daktari aliyeitwa Wandera, si Mturkana, kijana bado, alimpaka mafuta baridi tumboni na kumpitishia kile chombo cha kuonea ndani. Nilisimama pembeni nikitazama kioo nisichokielewa.

"Mama, hakuna mfuko wa maji humu," alisema. "Hii si ya mbwa. Ni kizazi chenyewe kimevimba."

Alilitaja jina refu la Kizungu ambalo sikulishika. Halafu akaeleza vizuri, hilo namshukuru. Alisema ile ngozi ya ndani ya kizazi, inayobanduka kila mwezi na kutoka kama damu, kwa Akiru imepenya ikaingia ndani ya nyama ya ukuta. Kila mwezi inavuja humohumo ukutani, na ukuta unavimba na kuuma. Nilielewa kwa kufikiria chombo chetu cha mti cha maziwa. Mafuta yakiingia ndani ya mti wa chombo, huwezi kuyakwangua bila kuukwangua mti.

"Kwa hiyo nimekula dawa ya nini mwaka mzima?" Akiru aliuliza.

"Ya kitu ambacho huna."

"Na mbwa wangu?"

Daktari hakujua habari za mbwa, akadhani ni homa inayomsemesha. Akasema tiba ni kukitoa kizazi. Madaktari wa kupasua wangekuja kutoka Nairobi mwezi uliofuata kwa wiki moja, bila malipo, naye angemwingiza miongoni mwa watu wao.

"Na mtoto?" Akiru aliuliza.

"Si unaye mmoja? Wengine hawana."

Alilisema bila ubaya, huku akifuta mafuta kwenye kile chombo. Nimelikumbuka mara nyingi kuliko alivyokusudia.

Nilimchukua Akiru nyumbani apate nguvu. Hazikupita siku nyingi, akaja Amuria, mama yake Ekuru, na Ekuru mwenyewe nyuma yake. Ekuru alikaa nje, amenipa mgongo kama mkwe anavyopaswa, akichora chini kwa kijiti.

"Ejok," alinisalimu Amuria.

"Ejok, Mama Ekuru. Karibu maji."

Alikunywa, akajipangusa. "Tumekubali akatwe. Mgonjwa hatibiwi kwa kuangaliwa."

"Mmekubali na nani?"

"Daktari amezungumza na Ekuru kwa simu."

"Na Akiru?"

"Akiru si huyu hapa, anasikia."

"Nasikia," alisema Akiru kutoka kwenye mkeka. "Nimepungukiwa damu, sijapungukiwa masikio."

Amuria alicheka kidogo, hakujizuia. Halafu akanilainishia sauti. "Mama Akiru, hatumfukuzi. Atabaki mke mkubwa, atapumzika. Lakini Ekuru bado ana nguvu, na mtu hawezi kubaki na mtoto mmoja."

"Huyo wa kumpumzisha Akiru mmeshampata?"

Kule nje kijiti cha Ekuru kilisimama. Nikajua wamempata. Nikajua pia kwamba ile operesheni kwao ilikuwa sababu nzuri, iliyoandikwa na serikali, ya kufanya jambo ambalo wangelifanya kwa aibu. Niliwapa chakula kwa kuwa ni wageni. Walipoondoka niliivunja ile sahani aliyotumia Ekuru, kisha nikajuta, kwa sababu sahani zangu ni chache.

Clotilde hakuweza kuja Lodwar, mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Alipiga simu kumjulia hali mgonjwa, na Akiru alipomwambia habari ya kukatwa, aliomba niongee naye mimi.

"Mama, sikiliza muzuri," alisema. "Ile ugonjwa minaijua. Kwetu wamama wengi wako nayo. Kukata ni njia moja, haiko njia yote."

"Iko nyingine?"

"Kuko kidude kadogo, kako na dawa ndani. Wanakiweka mu kizazi, kinakaa miaka tano, damu inapunguka. Wanaita koili. Lakini hapana ile ya shaba, unasikia? Ile ya shaba itamumaliza na damu. Ile ingine, ya dawa. Na ku Nairobi nasikia wanapitisha mupira mwembamba mu mushipa wa paja, wanaziba damu inayolisha uvimbe. Ile sijaona na macho. Muulize doktere, anajua."

"Anajua?"

"Mama. Ni doktere."

Nilimwita mwanangu wa kwanza, Ekidor, aje kutoka Kaikor anakochungia, kwa kuwa baba yao hayupo na sikutaka kwenda hospitali peke yangu nikaambiwa nisubiri nje. Alifika na vumbi lake lote. Tukaenda watatu, Akiru katikati.

Daktari Wandera alikuwa na foleni mpaka mlangoni, na uso wa mtu ambaye hajala. Nilimwuliza nikiwa bado nimesimama.

"Kuna koili yenye dawa?"

Alinitazama mimi, akamtazama Akiru, akaiweka kalamu chini. "Ipo."

"Na ya kuziba mshipa?"

"Ipo Nairobi, hospitali chache, ghali sana. Tena kwa mwanamke anayetaka kuzaa baadaye, siwezi kumwahidi kitu."

"Na hiyo koili?"

"Hapa tuna ya shaba tu, nayo haimfai. Ya dawa labda Eldoret. Na kizazi kikiwa kikubwa hivi inaweza kutoka yenyewe. Inaweza pia isisaidie, akarudi hapa kwa kisu baada ya kuhangaika. Ndiyo maana sikuona haja ya kuwasumbua."

Sikuona haja. Nataka msomaji ajue kwamba yule hakuwa mtu mbaya. Alimtia binti yangu damu, alimwokoa. Alichokisema kuhusu Eldoret kilikuwa kweli chote. Lakini alikaa na njia tatu kichwani mwake, akatazama leso zetu na viatu vyetu vya tairi, akachagua moja kwa niaba yetu, akaziacha mbili bila kuzitaja. Sisi tumezoea kutembea siku nzima kufuata maji yasiyo na hakika. Nani alimwambia tutachoka kufika Eldoret?

"Na hata hivyo mumewe alikwisha kuja jana," alisema. "Amesaini."

Alisukuma karatasi mbele. Jina la Ekuru lilikuwa pale chini, kubwa, limepinda.

Hapo niliongea kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Mume gani? Fahali wake yuko wapi? Nionyeshe mfupa wa fahali aliyechomwa bomani kwangu. Huyu mwanamke bado ni wa kwetu. Mwenye kusema juu yake ni kaka yake, huyu hapa."

Ekidor akasogea mbele, akavuta kifua. "Mimi nakataa," alisema. "Kama ni kuandika, niandike wapi?"

Kwa miaka fahali yule alikuwa aibu yangu, na siku hiyo nilimshika kama ngao.

"Mama, mambo ya fahali siyajui," alisema daktari. "Kwa sheria huyu ni mtu mzima. Ana miaka ishirini na tisa. Anaweza kusaini mwenyewe."

"Basi kwa nini hukumpa yeye kalamu?"

Muuguzi aliyekuwa akipanga mafaili aliacha kupanga.

"Mama, nyamaza," alisema Akiru.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nyamaza kidogo. Na wewe, Ekidor, keti, unamzibia daktari mwanga." Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Mama anataka kizazi kibaki apate wajukuu. Amuria anataka kitoke mwanawe apate sababu. Daktari anataka kitoke kabla wageni wake hawajarudi Nairobi. Mnakizungumzia kama kisima cha kijiji. Mimi hamjaniuliza nataka nini."

"Unataka nini?" daktari aliuliza.

"Kusimama," alisema Akiru. "Nataka kusimama mbele ya jiko langu siku zote za mwezi. Mambo ya mtoto nitayafikiria nikiwa nimesimama."

Halafu akamwuliza maswali, moja baada ya jingine, kama anavyowauliza wanaomletea unga. Koili inauma ikiwekwa? Inauma, muda mfupi. Inafanya kazi siku hiyohiyo? Hapana, miezi mitatu, pengine sita, na mwanzoni damu inaweza kutokatoka ovyo. Atashika mimba ikiwa ndani? Hapana. Ikitolewa? Anaweza kujaribu, ila ugonjwa utakuwa bado upo. Na ikishindwa, kisu kitakuwa bado kipo?

"Kitakuwepo."

"Basi kisu kingoje. Hakizeeki."

Akanyoosha mkono. Daktari alichelewa kuelewa, kisha akampa kalamu. Akiru alichora mstari juu ya jina la Ekuru, mmoja tu, ulionyooka, akaandika lake pembeni. Daktari akamwandikia barua ya kwenda Eldoret. Alipokuwa akiandika alisema, bila kuinua kichwa, "Nilipaswa kukuambia." Nilitaka aseme tena kwa sauti, lakini Akiru alinikanyaga mguu.

Ekidor aliuza mbuzi. Mwezi wa tisa tulikuwa Eldoret, kwenye baridi iliyonitoa machozi, na muuguzi mmoja, Chepngetich, akaiweka koili kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kumalizia mdomo wa kapu. Ilikuwa ndogo, nyeupe, umbo la herufi T. Nilipoiona nilikasirika upya. Kwa ajili ya kitu cha urefu wa kidole ambacho hakikutajwa, mwanangu angelazwa akafunguliwa tumbo.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Miezi miwili ya kwanza damu ilikuwa kidogo lakini haikukatika, leo doa, kesho doa. Amuria alipita akisema Akiru amejifunga uzazi kwa ukorofi, na wanawake niliokaa nao kanisani waliniuliza kama ni kweli. Ekuru akamleta yule wa kumpumzisha, msichana wa Lokichar. Mimi nilimpigia Clotilde simu nikamsema, nikamwambia kidude chake hakifanyi kitu.

"Mama, minakuambia miezi, wewe unahesabu siku," alisema. "Unataka nikuje nivute damu na mikono?"

Ulipofika uchaguzi wa mwezi wa tatu, Akiru alisimama kwenye foleni ya kura tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, juani, na ilikuwa wiki ambayo zamani angekuwa sakafuni. Alinipigia simu kunisimulia watu waliogombania mstari. Habari ya kusimama hakuitaja. Niliisikia mwenyewe.

Mwezi wa sita nilikwenda Kakuma. Nilikaa kwenye benchi la wateja tangu alipowasha jiko. Clotilde alikuwa amenidokeza kwamba ni siku zake. Akiru aliinama, akainuka, akabeba sufuria la maziwa, akamfukuza mbuzi aliyekuja kwenye unga. Mara mbili alishika kiuno akasimama kimya, kisha akaendelea. Maumivu hayajaisha. Yeye husema yamebaki nusu, nami sijui kama ananificha.

"Mama, unaangalia nini?"

"Siangalii kitu."

"Umekaa hapo kama askari wa kambi. Wateja wanadhani wameiba."

Nilingoja apunguze wateja. "Amuria ameniuliza kile kitu kitatolewa lini."

Ekuru alikuwa bado anakuja kwake siku moja moja, na yule msichana wa Lokichar alikuwa hajashika mimba. Amuria alikuwa ameanza kuhesabu upya.

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba sijui."

"Umejibu vizuri. Hujui."

"Na mimi nikikuuliza?"

Aliipangusa meza, akakusanya makombo kwenye kiganja. "Siku nikitaka mtoto nitapanda gari niende Eldoret wakanitolee. Nisipotaka, kitakaa mpaka muda wake. Nikishajua mimi, utajua na wewe."

Nilikasirika. Nimemzaa, nimemlisha ini la mbuzi kwa mkono wangu alipokuwa hana damu, nimempigia kelele daktari mbele ya watu, na sasa naambiwa nisubiri zamu kama mteja. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na yalikuwa mazuri. Lakini Makuei alikuwa ameshaingia, ameinamisha kichwa kisigonge paa, analalamika kwamba chai ya jana ilikuwa maji, na Akiru alikuwa amegeuka kumjibu, birika mkononi.